Ndege wa Michongomani na Mdomo Wangu

Jamani, mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaoniita mama na wateja wanaoniachia vitenge vyao bila wasiwasi, kwa hiyo mnielewe ninapowaambia kwamba kuna wiki nzima nilikuwa nikienda sokoni nimejifunga mtandio hadi puani na kusingizia baridi (na baridi ya Sumbawanga katikati ya mwaka inasingizika vizuri tu, hakuna atakayekuuliza mara mbili). Haikuwa baridi. Ilikuwa aibu, na wala sikutiwa na mtu, nilijitia mwenyewe kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, asubuhi kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Najua baadhi yenu mmeshaisikia nusunusu, na wengine mmeisikia kwa sauti yangu mwenyewe, ndiyo maana nimeona bora niwasimulie yote.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko njia ya kushukia sokoni, na nyuma yake kuna ua wa michongoma ambao mwenye nyumba haukati mpaka agombane na jirani. Siku moja Odilia, muuguzi wa Namanyere, alikuja kushonesha sare, akanikuta nimesimamisha cherehani namtazama ndege mmoja mdogo wa kijani inayong'aa aliyekuwa akinyonya maua, akaniuliza, "Kumbe na wewe unawaangalia?" Nikamwambia naangalia tu, sina kazi nao. Akacheka, akachukua namba yangu, na jioni hiyohiyo nikajikuta nimeingizwa kwenye kundi la mtandaoni linaloitwa Macho Juu.

Mkiniuliza kundi la ndege linafanya nini, nitawajibu kama nilivyomjibu mume wangu: hatufugi, hatuli, hatuuzi, tunawaangalia na kuwasikiliza, halafu tunaambiana. (Mume wangu aliguna, akaendelea kula ugali wake.) Lakini hamjui utamu wake. Unaamka asubuhi hujawasha hata jiko, unakuta kuna mtu Wampembe kakuandikia kwamba ndege mweupe kasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa na hataki kuondoka, mwingine katuma picha, mwingine anauliza mwanao kikohozi kimefikia wapi, maana ndege ni sehemu tu ya maongezi, tunajuliana hali, tunataniana, tunapeana pole, wakati wengi wetu hatujawahi hata kushikana mikono.

Tuko wengi, ila mtakaowahitaji ni watatu. Wa kwanza Odilia, nimeshamtaja. Wa pili Abdala, kijana wa Wampembe anayenunua dagaa na kuwasafirisha, ndiye mkubwa wa kundi, yeye pekee ndiye anayeweza kumwingiza mtu, kumtoa, na kufuta ujumbe wa mwingine (hilo la kufuta mliweke akilini). Wa tatu ni Mzee Sikazwe wa Kasense.

Mzee Sikazwe alikuwa bwana shamba enzi zake. Amepanda na kushuka uwanda huu wote kwa baiskeli, amelala kwenye vijiji ambavyo mimi nimeviona kwenye ramani tu, na kila alikopita alisikiliza ndege. Kule kwetu juu kwenye nyasi kuna ndege wadogo wa kahawia ambao Mungu aliwaumba wote kwa kipande kimoja cha kitambaa, ukimtazama huyu na yule huoni tofauti hata ukiwa na darubini, tofauti yao iko kooni tu, na Mzee Sikazwe alikuwa anawajua wote kwa koo zao. Kwa hiyo pale kundini kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu aliifuata: mtu akituma sauti, hakuna anayejibu kabla ya mzee. Hata kama unajua. Hata kama ni jogoo. Unasubiri mzee aseme, akishasema ndipo utani unaanza.

Sasa siri. Siku moja mzee alikuja kibarazani kwangu kukunjiwa suruali, akakaa kwenye benchi, na pale juu ya waya wa umeme, karibu kabisa na kichwa chake, kuna ndege alikuwa akiimba kwa nguvu mpaka wateja wakawa wanageuka. Mzee hakugeuka. Nikamwambia, "Mzee, huyo hapo juu ni nani?" akanitazama mdomo, akasema, "Ndiyo, mwanangu, kunja kidogo tu." Nikamwonyesha kwa kidole. Akamwona ndege, akaona koo lake linavyotetemeka, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo hata sasa ninaikumbuka nikiwa nashona.

Ndipo akaniambia. Masikio yalianza kumwacha polepole, kwanza wakaondoka wale ndege wenye sauti nyembamba, kisha wengine, na sasa hata njiwa wa paani kwake anamwona tu akifungua mdomo. Hospitali alikwenda, haikusaidia. Mke wake alishafariki, watoto wako mbali na wanapiga simu ambazo haelewi wanasema nini, kwa hiyo anawaambia tu salama, salama, anakata. "Kilichobaki ni hawa watu wa ndege," akaniambia. "Wakijua, wataanza kunihurumia, na mtu ukishaanza kuhurumiwa hakuna anayekuuliza kitu tena. Usiwaambie, mwanangu." Nikaapa. Niliapa kwa dhati, machozi yakiwa yananilenga.

Tukapanga hivi. Sauti ikitumwa kundini, mimi naisikiliza, namwandikia mzee pembeni jinsi ilivyo, kwa maneno yangu ya kishamba: anaanza juu, anashuka kidogokidogo, anatulia, anarudia, mwisho anakwaruza kama mkasi butu kwenye khaki. Mzee akisoma, ananiuliza swali moja au mawili, anakwaruza mara moja au anarudia, yuko chini kwenye nyasi au kakaa juu ya bua, halafu baada ya dakika chache naona kundini: "Huyo ni fulani, jamani, na anapoimba hivyo ana kiota karibu." Watu wanapiga makofi. Na mimi kwenye cherehani yangu nacheka peke yangu kwa furaha, maana tulikuwa tunafanya kitu kizuri, na kila asubuhi tukimaliza ndege tunaendelea na mengine, ananiuliza biashara, ananieleza mahindi yake, ananikumbusha kunywa maji (alikuwa na imani kubwa na maji).

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema.

Asubuhi ya mkasa kulikuwa na ndege ndani ya michongoma. Sikumwona, nilimsikia tu, na tangu niingie kwenye mambo haya sijasikia sauti ya namna ile, alikuwa akiimba wimbo wake, halafu anaiga wa mwingine, halafu anarudi kwake. Nikachukua simu, nikaiweka kwenye kurekodi, nikaitega irekodi yenyewe bila kushikwa, nikaiegesha juu ya ukuta mdogo karibu na ua, nikarudi kwenye kazi. Ndivyo tunavyofanya sote, ukikaa karibu ndege hukimbia, unaiacha simu ifanye kazi, ukirudi unakuta chako.

Nikiwa kwenye cherehani akaja Mama Skola, jirani yangu anayesuka nywele, kuja kupimwa gauni la kipaimara cha binti yake. Jua lilikuwa limeshika nyuma tu, upande wa ua, mbele kuna kivuli na upepo unaokata, kwa hiyo nikamwambia, "Twende nyuma tukaote jua nikupime hukohuko." Huo ndio uamuzi wenyewe, jamani. Kuota jua. Nilikwenda nikasimama hatua chache kutoka kwenye simu yangu, futi ya kupimia ikiwa mkononi na pini mdomoni, na baadaye pini zikatoka mdomoni.

Mama Skola akaniuliza, "Hivi hao watu wako wa ndege, wanakupa nini?" Aliuliza vile watu wanavyoulizaga, mdomo ukiwa umepinda kidogo. Na mimi nina ugonjwa mmoja, mtu akinipindishia mdomo lazima nimwonyeshe kwamba mimi ni mtu mkubwa mahali fulani. Basi nikaanza. Niliongea mpaka nikamaliza kumpima nikaanza kumpima upya.

Alipoondoka nilikwenda kuchukua simu. Ilikuwa bado inarekodi. Nilijua sehemu ya mwisho itakuwa na kelele, ila nikaona si neno, sisi wa ndege tumezoea kelele, kila sauti inayotumwa kundini ina jogoo, pikipiki na mtu anayeita ng'ombe, unajifunza kusikiliza ndege kwa nyuma na kuyaacha mengine yapite. Wateja wawili walikuwa wananisubiri. Sikusikiliza. Nikatuma, na chini yake nikaandika kwa majivuno: "Hakuna aliyewahi kumtuma huyu. Vaeni hedifoni, wekeni sauti juu kabisa, msikilize HADI MWISHO." Nikaweka na vijimikono vya makofi.

Nikashona mikono miwili ya gauni. Nikatazama simu, kimya. Alama za kuonyesha watu wamesikiliza zilikuwa zinaongezeka, lakini hakuna neno, nikajisemea wanamsubiri mzee, desturi yetu. Nikashona kola. Kimya. Halafu Odilia akapiga, na Odilia hapigi, Odilia huandika, mtu akipigiwa na Odilia ujue kuna mgonjwa.

"Ade," akasema, "umeisikiliza ile sauti yako?"

"Bado. Kwani ndege hasikiki?"

"Ndege anasikika vizuri sana." Akashusha sauti. "Na wewe unasikika vizuri sana, dada yangu. Ifute. Ifute sasa hivi."

Nilikata simu kabla sijaelewa chochote. Nikaifungua simu, nikaibonyeza ile sauti, yakaja yale maneno mawili, moja la kufuta kwa wote na moja la kufuta kwako tu, na mimi, fundi niliyetia uzi kwenye sindano maelfu kwa maelfu, nikabonyeza la chini. Ikapotea kwangu. Kwangu tu. Watu wote wa Macho Juu, kutoka ziwani hadi Kasense, wanayo, isipokuwa mimi niliyeisema.

Nikampigia Abdala aifute, hapatikani. (Abdala akienda kwenye vijiji vya pwani ya ziwa kuchukua mzigo hupotea kama jiwe majini, mtandao unamrudia akipanda mlima.) Ikabidi nimpigie tena Odilia, nikamwomba kwa sauti ndogo anirushie mimi peke yangu, maana nilikuwa sijui nimesema nini. Fikirieni aibu hiyo, kumwomba mtu uliyemsema akutumie ulivyomsema. Akanitumia, na chini yake hakuandika kitu.

Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikasikiliza.

Ndege anaanza, mzuri ajabu. Kisha nyayo, kisha sauti ya Mama Skola, kisha mimi. Nilianza na Odilia. Nilisema picha zake zote ni matawi na mkia, kwamba ndege wa Namanyere wamemjua, wakimwona na simu wanageuza mgongo. Nikaenda kwa Abdala, nikasema kila kinachoruka juu ya ziwa kwake ni furukombe, yule tai mla samaki, hata mfuko wa rambo ukipeperushwa na upepo ataandika "furukombe huyo, washikaji." Mpaka hapo ningeweza kuomba radhi nikacheka, ni utani, hata wao wananisema.

Kisha Mama Skola akauliza, "Na yule mzee unayemwandikia kila asubuhi?"

Na sauti yangu ikajibu: "Yule? Yule hasikii hata radi, shoga! Kundini wanamwita profesa, 'tumsubiri profesa, tumsubiri profesa,' kumbe profesa mwenyewe kakaa Kasense ananisubiri mimi nimwambie. Masikio yake ni mimi. Nikilala mimi na uprofesa umelala." Halafu nikamwigiza. Niliinamisha kichwa (nakumbuka nilikiinamisha) na kusema kwa sauti ya kizee, "Eh? Eh? Sema kwa nguvu mwanangu, upepo huu." Na nikacheka. Si kicheko kidogo. Nilicheka mpaka nikakohoa, na nyuma ya kicheko changu ndege bado alikuwa anaimba.

Ndugu zangu, nimewahi kusikia watu wakinisema, inauma, lakini hakuna kinachouma kama kujisikia mwenyewe ukiwa umestarehe. Na uongo ulikuwa ndani yake, maana mimi nilikuwa nasikia tu, ila hakuna jina hata moja nililowahi kulitoa kichwani mwangu. Yote yalikuwa ya mzee. Mimi nilikuwa mtu wa kupeleka ujumbe, nikajifanya ndiye mwenye ujumbe.

Abdala alipopata mtandao aliandika kundini, mbele ya wote: "Dada Ade, nimeisikiliza mara mbili. Furukombe sijamsikia." Kisha akaifuta kwa wote. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenitukana, na nilitamani sana mmoja anitukane.

Mzee Sikazwe hakuwa ameandika chochote. Ndipo nikaelewa kitu kilichonifanya nikae chini sakafuni palepale kwenye vipande vya vitambaa. Watu wote walikuwa wamesikia, isipokuwa yeye. Sauti ilimfikia, akaifungua, akaishika mkononi, na ndani yake mlikuwa na mtu anayemcheka naye asijue.

Simu ikalia kidogo. Ujumbe wa pembeni, kutoka kwake.

"Mwanangu, nimeona ulituma sauti ndefu, naona Abdala ameiondoa, sijui kwa nini. Kuna ndege gani humo? Wote wamenyamaza, nadhani wananisubiri. Niandikie upesi nisiwacheleweshe wenzangu."

Niliandika nikafuta. Niliandika tena. Ningeweza kumdanganya, nawaambia ukweli, nililifikiria hilo, ningemweleza wimbo wa yule ndege, angetaja jina, na wale wengine kwa huruma yao wangepiga makofi, na mzee angeendelea kuishi kwenye kundi ambalo kila mtu anamwigizia. Hilo ndilo aliloniomba lisitokee. Nikafunga kibaraza, nikaita bodaboda, nikaenda Kasense.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, amevaa koti lake zito. Akafurahi kuniona, akaingia ndani kuniletea kiti yeye mwenyewe. Sasa ua wa mzee umepakana na wa jirani kwa fito tu, na siku hiyo kwa jirani kulikuwa na jumuiya, akina mama na akina baba wamekaa kwenye mikeka wanasali rozari, taratibu, sauti za chini. Nilipowaona nilifikiri ni bora, Mungu yuko karibu.

Nikasema polepole, "Mzee, ile sauti niliyotuma, nimekosa."

Akanitegea sikio. "Eh?"

"Nimekukosea, mzee."

"Sema kwa nguvu, mwanangu," akasema, na mkono wake ukaonyesha hewani, "upepo huu."

Hakukuwa na upepo. Majani ya mgomba yalikuwa yametulia kabisa. Nikaona sina njia, mambo ya kuomba radhi nayo yanataka yasikike. Nikajaza kifua.

"NILIKUSEMA, MZEE!"

Rozari ikakatika. Nawaambia ikakatika katikati ya Salamu Maria, kule upande wa pili wa fito.

"Ulinisemaje?"

"NILIMWAMBIA MTU KWAMBA HUSIKII! SIMU ILIKUWA INAREKODI! IKAENDA KUNDINI! WOTE WAMESIKIA!"

Kila neno nililirusha na kila neno lilikwenda mpaka barabarani. Kasense nzima ilikuwa inanisikia ila yule niliyekuwa namwambia ndiye aliyepata kwa shida, akinitazama mdomo, akikusanya neno moja moja. Nilimwona anapofika mwisho. Aliweka gunzi chini, kwa upole, kana kwamba linaweza kuvunjika.

"Wote?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Walicheka?"

Hilo swali sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au kwa kufukuzwa. Nikajibu, "Hapana mzee, hawakucheka, niliyecheka ni mimi," lakini nikaisema kama mtu anayenong'ona.

"Eh?" akasema mzee. "Walicheka?"

Ikabidi nirudie. Mbele ya jumuiya nzima, mbele ya mabinti waliokuwa wamesimama na ndoo njiani, nikasema kwa sauti yangu yote:

"NILIYECHEKA NI MIMI!"

Nadhani hilo alilisikia lote. Akayatazama mahindi. Kisha akasema, si kwa hasira, alisema kama mtu anayesahihisha hesabu yake mwenyewe, "Basi mimi nilidhani tuko pamoja."

Nililia, kwa nini niwafiche, nililia nikiwa nimesimama. Mzee akainuka, akajikung'uta mapumba kwenye koti, akasema nisichelewe, jua likishuka baridi itazidi na bodaboda zinakuwa za shida. Halafu, hili ndilo lililonimaliza, akanisindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Tulipita mbele ya ile jumuiya, mzee akawasalimu, wakaitikia, na mimi nilikuwa nyuma yake natazama visigino vyake. Akasubiri nami bodaboda, akamwambia dereva aniendeshe taratibu, akarudi.

Jioni akaandika kundini. Mzee huandika polepole, herufi moja moja, kwa hiyo tulikuwa tunaona anaandika, anaacha, anaandika, na nadhani sote tulikuwa tumeshika simu. Ukaja hivi: "Ndugu zangu, ni kweli sisikii. Ade amekuwa akinisaidia kwa muda mrefu na bila yeye nisingeweza. Msimseme vibaya. Mkituma sauti, andikeni na maneno chini yake, zinavyopanda na zinavyoshuka, nitajitahidi."

Odilia akaandika wa kwanza, akamshukuru. Abdala akaandika kwamba kuanzia kesho anayetuma sauti bila maneno atafutiwa. Na kweli wameanza, wanaandika vibaya, wanaandika vichekesho, Abdala aliandika juu ya ndege mmoja kwamba analia kama injini ya boti iliyokosa mafuta, na mzee alimtaja palepale. Wanamuuliza kuliko zamani. Sasa kila mtu ni masikio yake, na mimi ni mmoja wao tu, sina hata zamu.

Odilia nilimwomba radhi, akanisamehe, akaniambia picha zake kweli ni matawi. Abdala kanisamehe. Mama Skola gauni lake nilimshonea na hatukuzungumza habari za mtu mwingine tena, nikimpima siku hizi nazungumzia kiuno chake tu. Nimejiwekea nadhiri, simu yangu ikirekodi mimi huondoka kabisa pale, naenda upande wa barabara nakaa na mdomo wangu, na kabla sijatuma nasikiliza mwanzo hadi mwisho, hata kama ni saa nzima. Na kubwa zaidi, mtu akinipindishia mdomo kwa watu ninaowapenda, namwacha aupinde.

Lakini yale maongezi ya pembeni, ya asubuhi, ya biashara na mahindi na kunywa maji, hayo yamekwisha. Kila siku nikiamka namwandikia mzee, "Shikamoo." Naye hajawahi kuniacha bila jibu, ni mtu wa adabu. Ananijibu, "Marahaba." Huwa nakaa na simu mkononi kidogo, nikisubiri kuona kama ataongeza kitu. Kisha nawasha jiko.